Vitabu vya Kiti cha Tano

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
saa nne kila siku, mashine inanichuja
kama bibi alivyochuja maziwa ya jibini,
kwa kitambaa, bila haraka.
Haba na haba hujaza kibaba,
na haba na haba ndivyo figo zinavyozima.
Mkono wa kushoto ni wa sindano.
Wa kulia ni wangu, ndio unaoshika kitabu,
kwa hiyo naomba vyembamba,
na Skirmantė wa maktaba, asiyesikia la mtu,
hunipa matofali.

Tofali la Novemba: ukoo wa wasaga ngano, kurasa mia saba.
Mjomba mcheshi anakufa ukurasa wa arobaini.
Nilimkumbuka kurasa mia sita na sitini.
Mwandishi hakumkumbuka hata mara moja.
Sijamsamehe.

Kisha kitabu cha profesa juu ya vifungo.
Vifungo vya nguo, naam.
Sura nzima inabishana: matundu mawili au manne?
Nilicheka mpaka mashine ikalia.
Usiku, nyumbani, nikafungua kopo la mama
nikakuta kifungo kimoja kikubwa, cha kijani,
cha koti nisilojua lilivaliwa na nani.
Nimekaa nacho mfukoni tangu siku hiyo.

Ya upelelezi haikuwa na ukurasa wa mwisho.
Mtu aliuchana, pengine akafungia samaki.
Mimi nilisema muuaji ni daktari wa meno.
Daumantas wa kiti cha nne alisema tarishi.
Ramunė, akinipima presha, akasema
hata hivyo marehemu hakuwa mtu mzuri.

Mwanamume aliyetembea kwa miguu toka Riga hadi Bahari Nyeusi
ili amsahau mkewe:
malengelenge ameyaeleza moja moja,
mke amempa aya mbili.
Ningependa kusoma kitabu cha mke.

Cha figo, alichonitumia mpwa wangu Austėja kutoka Vilnius
"kwa upendo mwingi, shangazi",
nimekiweka chini ya chungu cha maua.
Ua limenawiri.

Sasa Daumantas.
Miaka thelathini alichomelea fremu za baiskeli,
na vitabu alivisoma vivyo hivyo, akitafuta ufa.
Penseli mkononi, pembezoni mwa mali ya umma:
"Uongo." "Hapa sawa." "Nani anaongea hivi?"
Sentensi mbovu ilimkohoza.
Nilijua kitabu chake kilivyo kwa kuhesabu vikohozi.

Jumanne usiku simu ikaja kutoka Kaunas.
Figo. Kijana fulani, pikipiki, hatuulizi.
Akaenda na mswaki na soksi za akiba.
Nilifurahi.
Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli,
na kwa kuwa haikuwa kweli mpaka Ijumaa.

Kitabu chake kilibaki juu ya kimeza:
mjane, farasi mmoja, kinamasi karibu na mpaka.
Nimekisoma nikifuata penseli
kama mtu afuataye nyayo za mwenzake thelujini.
Ukurasa wa 212 amepiga mstari mara mbili:
"Huyu mama hatamuuza farasi. Kamwe."
Baada ya hapo, pembezoni ni peupe.
Nilisimama hapo siku nzima.
Kiti cha nne yupo msichana mpya,
anatazama simu, ana miaka ishirini, hakohoi.

Ukurasa wa 260 mjane anamuuza farasi.
Hageuki nyuma. Anarudi ndani, anachemsha yai,
analila akiwa amesimama.
Nimesoma vitabu kumi na kimoja majira haya ya baridi
na nitakachobaki nacho ni yai hilo.

Nikamwomba Ramunė penseli iliyo nyuma ya sikio lake,
nikalaza kitabu kifuani,
nikaandika kwa mkono ulio wangu:
"Amemuuza. Tena kwa bei ya jiko.
Ulikosea."
Chini yake nikaacha nafasi,
kiasi cha mistari mitatu,
maana namjua, hatakubali kwa mmoja.